Msimu wa Tanuri la Pili

Mei 11

Baridi imeingia leo bila hodi. Nimeamka katika chumba changu cha zamani hapa Evaton, nyumbani kwa Mjomba Lefa, kaka wa marehemu mama, na maji ya ndoo yalikuwa yameshika utando wa barafu. Nimerudi kwa msimu mmoja, kikazi. Kiwanda anakofanya kazi mjomba, kile kinachosubu sufuria za chuma za miguu mitatu ng'ambo ya reli, kimeiomba ofisi yetu ya Johannesburg iwaandikie ombi kwa Tume ya Biashara, Pretoria, ili sufuria rahisi za kutoka nje zitozwe ushuru. Ofisi ikanituma mimi, kwa kuwa huku ni kwetu.

Jioni jirani alichungulia mlangoni akauliza huyu mgeni ni nani. Mjomba akamjibu, "Si Keneuwe huyu. Yuko ofisini, Johannesburg."

Yuko ofisini! Miaka yote ile ya chuo, mitihani, kesi nilizokesha nazo, na mtu aliyenilea tangu nina miaka sita ananitaja kama anataja mwavuli uliosahaulika. Nilimeza chai yangu.

Mei 15

Getini pa kiwanda anakaa Mama Mamello na beseni lake la magwinya, yale maandazi yetu ya kukaangwa, moto moto, na kopo la achari. Hadi Oktoba iliyopita alikuwa ndani, akilainisha sufuria zikitoka kwenye kalibu za mchanga. Tanuri la pili lilipozimwa, nusu ya watu waliachishwa, naye akiwemo. Hakwenda mbali. Alitoka nje ya geti, akaweka kiti.

"Keneuwe mwanangu, wanasema wewe ni wakili. Nani umemtoa jela?"

"Sijamtoa mtu jela, mama."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Sasa unakula nini, masikini?"

Watu waliokuwa wakinunua walicheka hadi magwinya yakawapalia. Nikavuta kreti, nikakaa. Nikamwambia, chukulia kuna mwanamke mtaa wa pili naye anakaanga. Majirani zake anawauzia kwa bei ya kawaida. Lakini akivuka barabara kuja kwenye geti lako, anauza kwa nusu ya bei ile ile ya kwao. Huyo ndiye anayemwaga bidhaa kwa bei ya kutupa.

"Huyo ni mchawi," akasema Mama Mamello.

"Sheria haisemi mchawi. Wala haimkatazi kuuza rahisi, maana rahisi si kosa. Inauliza mambo matatu. Je, anauza kwako chini ya bei ya kwao? Je, umeumia? Na je, aliyekuumiza ni yeye, au magwinya yako yalikuwa yanaungua tu?"

"Yangu yanaungua?" Alisimama na kijiko mkononi. "Nani kakuambia yangu yanaungua?"

"Ni mfano, mama!"

"Tafuta mfano mwingine."

Mei 16

Leo ameniuzia magwinya mawili kwa bei ya matatu. Nimelipa.

Mei 22

Kikao cha kwanza kiwandani. Nilimtaka mjomba aje kwa sababu yeye ndiye msimamizi wa kusubu, na hakuna anayeijua kazi ile kumpita. Mezani niliweka sufuria mbili, yetu na ile inayokuja kwa meli. Sikutaja nchi inakotoka, na hapa pia sitaitaja, uchunguzi bado haujafunguliwa.

Nikaeleza kwamba hatua ya kwanza ni kuonyesha kuwa bidhaa hizi mbili ni za aina moja. Kama hazifanani, hatuna la kulalamika. Mwenye kuuza machungwa hawezi kumshitaki mwenye kuuza viazi.

Mjomba aliinuka. Akachukua spana, akaigonga sufuria yetu, ikalia ng'oo kwa muda mrefu. Akaigonga ile nyingine, ikatoa sauti ya kopo.

"Umesikia? Ile si sufuria."

"Mjomba, tafadhali..."

"Ile si sufuria! Ile ni kofia ya askari yenye miguu. Mimi nimesubu chuma tangu hujazaliwa, halafu uniandike kwenye karatasi ya serikali kwamba kazi yangu na takataka ile ni kitu kimoja?"

Hettie, mhasibu wetu wa gharama, mama Mzungu anayeongea Kiafrikana, mwenye miwani ya mnyororo, alijificha nyuma ya kikombe chake. Mimi nikajaribu tena. Nikasema mnunuzi dukani hagongi kwa spana, anasoma bei. Kila tusi tunaloitukana sufuria ile ni zawadi kwa wakili wa waagizaji. Atasema, mnaona? Wenyewe wanakiri ni vitu viwili tofauti.

"Basi mwambie huyo wakili aje apike ndani yake," akasema mjomba, akatoka.

Mei 23

Hasemi na mimi. Ananipitishia chumvi kupitia mtoto wa jirani.

Juni 3

Vumbi, moshi wa makaa, midomo imepasuka. Nyasi kando ya reli zimeungua.

Nimeshinda na Hettie. Watu wanadhani sheria hii ni ya mawakili peke yao, lakini mimi nakiri kabisa kwamba bila mhasibu anayejua kila sufuria inakula chuma kiasi gani, mchanga kiasi gani na saa ngapi za mtu, ningekuwa napiga kelele tu. Leo tulikuwa tunatenganisha maumivu. Mwaka jana umeme ulikatwa mara nyingi, na siku za namna hiyo hakikusubiwa chochote. Hasara ile si ya waagizaji, ni ya giza. Hettie akaiweka kando.

Mjomba alipita, akaona. Kususa kwake kukamwishia hapo hapo kwa hasira.

"Mnawapunguzia dhambi?"

"Ntate Lefa," akasema Hettie kwa upole, akimwita baba kwa Kisotho, "tukiwabebesha na giza, Tume haitatuamini hata kwenye lile walilofanya kweli."

Mjomba alimtazama, akanitazama mimi, akasema, "Mawakili," kama mtu anayetema mbegu. Hettie si wakili. Akacheka sana baada ya mjomba kuondoka, na mimi nikacheka, ila moyoni iliniuma.

Juni 9

Mwalimu wa shule niliyosoma alinishika njiani nikazungumze na kidato cha mwisho kuhusu kazi. Waliotangulia walikuwa nesi na rubani. Rubani alikuja na kofia. Mimi nilikuja na sufuria.

Niliwapa mfano wangu wa mtaa wa pili, safari hii kwa chipsi za getini pao, na wakaushika upesi kuliko wanafunzi wa chuo. Kisha maswali.

"Dada, hiyo kazi ina gari?"

"Ina basi la kwenda Pretoria."

Wakaguna. Mmoja wa nyuma, msichana mrefu anayeitwa Boitumelo, akauliza kama ni lazima uwe wakili. Nikamwambia hapana, na hapo nikajisikia moto umenipanda. Nikamtajia Hettie na hesabu zake. Nikataja wachunguzi wa Tume, wanaozunguka viwandani na kuvuka bahari kwenda kukagua bei za wauzaji kwao wenyewe. Nikataja watu wa forodha pale bandari ya Durban, ambao hufungua kontena wakakuta sufuria zimeandikwa kwamba zinatoka nchi nyingine ili zikwepe ushuru. Wachumi. Watu wa utafiti kwenye vyama vya wafanyakazi. Hata wakalimani, maana barua za wauzaji haziji kwa Kisotho. Na wapo wanaowatetea waagizaji, nao wanafanya kazi ya haki kabisa, kwa sababu kuna viwanda vya hapa vinavyolalamika ilhali vimeumizwa na uvivu wao.

"Kwa hiyo unaweza kuwa upande wowote?" Boitumelo akauliza.

"Upande wowote. Sheria ni moja."

"Na wewe kwa nini uko huu?"

Nikasema, "Kwa sababu viatu vyangu vya shule vilinunuliwa na sufuria hizi." Hawakucheka. Nilitoka pale kifua mbele, hata kama rubani ndiye aliyepigwa picha.

Juni 16

Sikukuu ya Vijana. Upepo kutoka milimani, kuna theluji huko. Nimelala na mablanketi matatu na soksi za mjomba.

Juni 20

Tume imejibu ombi tulilopeleka! Wachunguzi watakuja tarehe ishirini na sita kuthibitisha tuliyoandika, siku mbili nzima. Wasiporidhika, ombi linaishia hapo, na mwenye kiwanda amesema waziwazi kwamba likiishia hapo, tanuri la kwanza nalo litazimwa kabla ya Krismasi. Kila mtu anajua. Hakuna aliyebaki hajui.

Nilipomwambia mjomba, uso wake ulibadilika. Tangu nifike sijauona hivyo.

"Wageni," akasema. "Wageni kutoka Pretoria."

"Ni wachunguzi, mjomba. Wanakuja kuona jinsi tulivyoumia."

"Nimesikia. Wageni." Akaenda kutafuta tai.

Juni 24

Kuna kitu. Nikiingia watu wanakatiza maneno. Mama Mamello hakuwepo getini jana wala leo, na nilipopita kwake nikaona ovaroli yake ya bluu imeanikwa kwenye kamba, imefuliwa, wakati hana kazi ya kuivalia. Nilimuuliza. Akaniambia eti anataka kuikata afanye matambara. Tena alinijibu huku anatazama angani.

Juni 26

Lazima niandike leo leo.

Asubuhi nilisimama getini na Hettie kumpokea Bi Rofhiwa Nemadzivha, mchunguzi mkuu, mwanamke mwembamba wa kutoka Limpopo, koti la kijivu, chupa yake ya maji na kikopo chake cha chakula mkononi. Alifuatana na kijana wa hesabu ambaye hakusema neno siku nzima. Nikawasalimu, nikageuka kuwaongoza, na hapo ndipo nikaona. Moshi. Bomba la kwanza linatoa moshi, na bomba la pili linatoa moshi.

Nilishikwa na butwaa. Hettie alinibana kiwiko hadi nikaumia.

Uwanja ulikuwa umefagiliwa ukang'aa. Mawe ya kando ya njia yalipakwa chokaa. Ndani, kila meza ilikuwa na mtu. Wote walioachishwa walikuwepo, kwenye nafasi zao za zamani, ovaroli zimepigwa pasi hadi mikunjo inakata, wanashindilia mchanga, wanasugua, wanaimba. Mama Mamello alikuwa mezani kwake na sufuria mikononi, hataki kuniangalia. Mbele ya tanuri la pili, lililokufa tangu Oktoba, mjomba wangu alikuwa amesimama na tai chini ya ovaroli, na chuma chekundu kinatiririka nyuma yake.

"Karibuni, karibuni sana," akasema, mikono yote miwili mbele. "Hapa kazi haisimami."

Nilitaka ardhi inimeze. Wamenipenda, wamekipenda kiwanda, wamewaheshimu wageni, na kwa heshima ile ile wamelichinja ombi letu mbele ya macho yangu.

Bi Rofhiwa alizunguka mara moja, polepole. Akafungua faili lake.

"Hapa mmeandika tanuri la pili limezimwa."

Wimbo ulikuwa umekatika.

"Mmeandika nusu ya wafanyakazi wameachishwa. Sioni meza hata moja iliyo tupu." Akavua miwani. "Ama ombi hili ni la uongo, ama hiki ninachokiona ni cha uongo. Niandike lipi?"

"Unachokiona," nikasema.

Nilisema kwa sauti, wote wakasikia. Mjomba aliniita, "Keneuwe!" kwa sauti ile ya utotoni, nilipovunja kitu mbele za watu.

"Wewe ni wakili wao," akasema Bi Rofhiwa. "Siandiki maneno yako. Naandika ninachoweza kukithibitisha." Akamgeukia aliye karibu naye, na aliye karibu alikuwa Mama Mamello. "Mama, unafanya kazi hapa?"

Mama Mamello alimtazama mjomba. "Leo nafanya."

"Na jana?"

Mama Mamello akaikumbatia sufuria kama mtoto atakayenyang'anywa.

Nikamsogelea mjomba. Nikamwambia kwa sauti ya chini, lakini pale kimya kilivyokuwa, kila mtu alisikia. "Mjomba, huyu amekuja kuangalia kidonda. Ukimwonyesha ngozi nzima, ataandika kwamba sisi ni wazima na atakwenda zake."

"Mgeni hapokelewi kwenye nyumba tupu," akasema. "Wewe umesahau? Alipokufa mama yako hatukuwa na kitu. Hata unga. Watu walikuja msibani wakala, wakashiba, wakaondoka. Kuna aliyejua?"

"Nilijua mimi."

Akanitazama. Nilikuwa na miaka sita wakati ule, na niliwaona majirani wakiingia kwa mlango wa nyuma na unga uliofichwa chini ya mablanketi, nikamwona mjomba amekaa nyuma ya nyumba peke yake. Sijawahi kumwambia.

Akavua kofia yake ya kazi. Akaenda kwenye meza ya kwanza.

"Huyu ni Thabang," akamwambia Bi Rofhiwa. "Mpiga kalibu. Sasa analinda magari ya watu madukani, wanamrushia sarafu." Akasogea. "Huyu ni Selloane. Anafua nguo za watu, mwaka jana alikuwa anafundisha wenzake hapa. Huyu ni Mohau. Hana kitu anachofanya. Ni fundi, na hana kitu anachofanya." Alikwenda meza baada ya meza, na kila aliyetajwa aliweka chini alichoshika. Alipofika kwa Mama Mamello alisimama. "Huyu ni Mamello. Sufuria yoyote uliyowahi kuigusa ikawa laini, ni mkono wake. Anauza magwinya getini, na mimi napita kila asubuhi kwa upande wa pili wa barabara kwa sababu naona haya kumsalimia."

Mama Mamello alisema, "Nakuona ukipita, Ntate Lefa."

Mwisho akafika kwenye tanuri. "Na hili ni langu. Nililizima kwa mkono huu. Makaa ya leo tumechangishana, kila mtu kwa alichonacho, ili usituone hivi. Andika hivyo."

Thabang alikuwa analia wazi, mwanaume mzima, wala hakujifuta. Mjomba hakulia. Akawageukia vijana wake: "Malizieni chuma kilichomo, kisha lizimeni."

Nilidhani Bi Rofhiwa atalainika. Hakulainika hata kidogo. Alisema atahitaji barua za kuachishwa, madai ya bima ya wasio na ajira, ankara za makaa, kila kitu, na kwamba uongo wa leo utaingia kwenye ripoti yake kama ulivyo, pamoja na jinsi ulivyofichuliwa. Kisha akasema, "Nitarudi kesho. Msifagie chochote."

Mchana akina mama walikuwa wamepika uani, kwenye sufuria kubwa kuliko zote, matumbo na ugali na mboga za majani. Walimkaribisha. Akasema sheria haimruhusu kula cha aliyeleta ombi. Nyuso zikaanguka. Basi akavuta kiti, akakaa katikati yao, akafungua kikopo chake cha mkate wa jibini.

"Harufu haijakatazwa," akasema.

Walicheka. Mimi nilienda nyuma ya stoo nikalia, na sioni haya kuliandika.

Juni 27

Tanuri la pili baridi. Meza tupu zimeachwa tupu. Karatasi zimekubaliana na maneno, moja moja.

Saa nne Bi Rofhiwa aliweka mezani sufuria mbili, yetu na ile, akamwita mjomba.

"Ntate, hizi ni bidhaa za aina moja?"

Mjomba aliitazama spana iliyokuwa dirishani. Hakuichukua.

"Zote zina miguu mitatu," akasema. Kila neno lilikuwa linamtoka kwa shida. "Zote zinakaa motoni. Mwenye msiba, anayepikia watu wengi, akizikuta dukani atachukua ya bei ndogo, na simlaumu." Akazisogeza zikakaribiana. "Zinafanana."

"Asante."

"Ila hiyo ni mbaya."

"Hilo sikuuliza, ntate."

Nimemwona mjomba wangu akibeba chuma cha moto, akibeba jeneza la mama yangu, akinibeba mimi begani kuvuka maji ya mvua. Leo alipotamka neno lile moja, nilijivunia kuliko siku zote hizo.

Juni 28

Asubuhi mjomba amevuka barabara. Amenunua magwinya manne na kulalamika kwamba achari ni kali.

Julai 14

Bado kimya kutoka Pretoria. Zodwa, tuliyesoma naye sheria darasa moja, amenipigia simu. Waagizaji wamemwajiri yeye, wakijua litakalokuja. "Nimesikia mlifanya mchezo wa kuigiza," akasema. "Ukifunguliwa uchunguzi nitakubana kwenye umeme."

"Hasara ya umeme tumeshaitoa wenyewe, tena yote."

"Wewe mshenzi," akasema, kwa mapenzi. Mtu akishindana na Zodwa anajua ameshindana.

Julai 30

Vumbi tu.

Agosti 8

Mjomba amesikika akimweleza jirani ukutani: "Rahisi si kosa. Sikiliza. Kosa ni kuuza kwangu chini ya bei ya kwao, na mimi niumie, na iwe ni yeye, si giza." Jirani alikuwa ameuliza kuhusu mbwa wake aliyepotea.

Agosti 28

Gazeti la Serikali limetoka. Uchunguzi umefunguliwa.

Nilisoma tangazo nikiwa nimesimama. Tume imeridhika kwamba upo ushahidi wa awali wa bei ya kutupa, wa madhara, na kwamba madhara yametokana nayo. Wauzaji na waagizaji wamepewa muda wa kujibu. Sio ushindi bado. Tanuri la pili halitawaka kesho, na nilihakikisha kila mtu amenielewa kabla hawajaanza vigelegele. Mwenye kiwanda amesema la kwanza litabaki linawaka mpaka Tume itoe uamuzi wa mwisho. Hapo vigelegele vilinishinda, nikapiga na mimi.

Mjomba aliomba nakala. Alikaa nayo kwenye jua la asubuhi, akasoma maelezo ya bidhaa kwa kidole, sufuria za chuma cha kusubu zenye miguu mitatu, mara mbili. "Wametuweka jina moja na wao," akasema. Akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati.

Septemba 4

Mpichi wa jirani umechanua, wote kwa siku moja. Kesho narudi Johannesburg, Zodwa ananisubiri na makaratasi yake.

Leo darasa la Boitumelo lilikuja kiwandani. Mwalimu alitaka waone moto, na mimi nilidhani mjomba atawapeleka moja kwa moja kwenye tanuri la kwanza, pale chuma kinapotiririka, maana ndipo penye fahari. Hakuwapeleka huko. Uwanja haukuwa umefagiliwa. Aliwapitisha katikati ya meza tupu, akawasimamisha mbele ya tanuri la pili, akaweka kiganja chake juu ya matofali.

"Anzeni hapa," akasema. "Guseni. Ni baridi, sivyo? Hapa ndipo tulipoumia."

Wakagusa, mmoja mmoja. Akawaeleza yote, akiwa amenyooka, kama mtu anayeonyesha mifugo yake. Akawaambia na ile siku ya tai, wakacheka, naye akacheka.

Boitumelo akauliza, "Mzee, na aliyewasaidia ni nani?"

Mjomba aliniona nimesimama mlangoni. Akakohoa. Niliona midomo yake ikijaribu maneno kwanza bila sauti.

"Ni huyu hapa. Mtoto wa dada yangu. Ni wakili wa sheria ya kuzuia bidhaa za bei ya kutupa."

Kisha akalirudia jina lote tena, taratibu, akimtazama mwalimu mpaka mwalimu alipoliandika.